Swali Nililoogopa Kuuliza

Nakumbuka siku moja ya likizo, mwanangu, katika miaka ya tisini, mimi na shangazi yangu Leonia, mke wa mjomba, tukimenya ndizi nyuma ya nyumba yetu kule Ihembe, Karagwe. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, mibuni imechanua, na harufu ya maua yake ikinilegeza kama usingizi wa asubuhi. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba chuoni sirudi tena.

Nilikuwa nikisoma Mwanza, najifunza mitandao ya kompyuta, yaani namna ya kuziunganisha mashine zipelekeane habari. Niliondoka nyumbani binti wa ndoto nyingi. Nikifumba macho nilikuwa naviona vilima vyote vya Karagwe vikiitana na kuitikiana kwa mashine hizo. Lakini mwalimu alifundisha kwa Kiingereza cha haraka, wenzangu wakaandika, nami nikaandika nisichokielewa. Niliogopa lafudhi yangu isije ikachekwa. Basi siku zikapita, nami kama mtu anayesikiliza mvua ya ng'ambo ya kilima.

Nilimwambia shangazi kuwa masomo yamenishinda, na kwamba mama amefurahi, maana nitamsaidia kazi za kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Akaniuliza kama nimewahi kumwambia mwalimu kuwa sijaelewa. Nikazidi kumenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Nilipoletwa hapa kutoka Rwanda, bibi arusi, sikujua Kinyambo, lugha ya watu wa hapa," alisema. "Niliogopa kuchekwa, nikawa napika bila chumvi. Chumvi ilikuwepo kwa jirani, mwanangu. Kilichokosekana ni mdomo wangu. Wewe hujashindwa na masomo. Umeshindwa na kicheko."

Likizo ilipokwisha nikarudi. Siku ya kwanza darasani nilinyoosha mkono, nikauliza kwa Kiswahili changu hiki hiki: "Mwalimu, kama mashine zote ziko kwenye waya mmoja, kila moja inajuaje kwamba ujumbe huu ni wake, si wa jirani?"

Wakacheka, kweli. Mwalimu hakucheka. Alifuta ubao wote akaanza upya, akaeleza kwa Kiswahili kwamba kila mashine ina anwani yake. Nilipogeuka, waliocheka nao walikuwa wameinama, wanaandika upesi upesi.

Baadaye tuliunganisha kompyuta mbili. Mimi chumba hiki, mwalimu chumba cha pili. Niliandika "Shikamoo". Kioo kikakaa kimya, nami nikawa kama niko nusu ndotoni. Kisha herufi zikachipuka: "Marahaba, binti." Nikalia, mwanangu, na sikujua nalia nini.

Kazi hiyo ndiyo iliyonilea mpaka mvi hizi. Nilipoajiriwa nilikwenda kumwambia shangazi. Aliniuliza jambo moja tu, kama bado wananicheka. Nikasema mara nyingine. Akasema waache wacheke.

Sasa nawe unakwenda chuoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usiandike usichokielewa ukakaa kimya. Uliza mapema, kwa lugha uliyo nayo. Kicheko hakifiki jioni, lakini usichokijua utazeeka nacho. Na siku mwenzako akiuliza unalolijua wewe, usimcheke, msogelee.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe walimu wenye subira, akufungue kinywa na masikio, na mikono yako iwapatie watu riziki na faraja. Amina.