Kichupa cha Watoto Kumi

Nesi wa chanjo wa zahanati yetu husugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumshika mtoto, na huongea na mtoto kwanza, mama baadaye. "Samahani, bosi wangu, nakuchoma kidogo tu," husema, na akina mama hucheka. Mimi ninayepima uzito mlangoni nimeizoea sauti hiyo. Kichupa cha chanjo ya surua hutosha watoto kumi, na kikishafunguliwa hakilali. Kinachobaki jioni hutupwa. Kwa hiyo tuliagizwa tusikifungue kwa mtoto mmoja, na yeye alilishika agizo hilo kuliko sisi sote.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, alikuja mama mmoja peke yake, mtoto mgongoni, wamelowa chapachapa. "Rudi Alhamisi, mwanangu, wenzako watakuwepo," nesi alimwambia kwa upole. Alhamisi mto ukafurika, njia ikakatika. Aliporudi, mtoto alikuwa na vipele mwili mzima, macho mekundu yasiyofumbuka. Alipona, lakini haoni tena. Mama hakumlaumu mtu. Alishukuru hata kwa kiti alichopewa. Nesi hakuweza kumtazama.

Siku hizi hufungua kichupa hata akija mtoto mmoja tu. Juzi msimamizi alimwuliza kama haoni hasara ya chanjo anazotupa.

"Hasara naijua, mkuu," alijibu taratibu. "Huja hapa kila mwezi, imeshikwa mkono na mama yake."