Oili Iliyotoka Safi

Rafiki yako wa miaka zaidi ya thelathini akikudanganya huku anakutazama usoni, wewe utajuaje? Usiniambie utayaona macho yake. Macho ya rafiki hatuyachunguzi, na hiyo ndiyo raha ya kuwa na rafiki. Nagumo Katsunori, mng'arishaji wa vyuma wa mji wa Tsubame, Japani, hakuona lolote machoni. Yeye alijua kwa oili. Ilitoka safi.

Tangu amalize shule, Nagumo aliketi mbele ya gurudumu la kung'arishia, akisugua vijiko, bilauri za chuma na sufuria mpaka mtu angeweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Jioni alitoka kiwandani uso umekuwa mweusi kwa vumbi la chuma, meno tu ndiyo yanaonekana. Kazini hakuwa mtu wa maneno. Lakini uani kwake, chini ya banda la mabati alilolijenga kwa mikono yake, lilikaa gari jeupe la milango miwili, lenye injini ya silinda sita na turbo. Alilinunua kuukuu akiwa kijana asiye na hata mchumba, na toka siku hiyo hapakuwa na bolti ambayo hakuigusa. Springi alibadilisha. Breki alibadilisha. Viti aling'oa, akaweka kimoja kigumu kinachombana mbavu. Kila ukaguzi wa serikali ulipokaribia alivua vikorombwezo vyote, akarudisha vifaa vya kiwandani, gari likapita mbele ya wakaguzi kwa adabu kama bwana harusi ukweni. Kisha akavirudisha tena, kimoja kimoja.

Mkewe, Sumie, aliliita gari hilo "mwenzangu."

"Baba Chinatsu, mwenzangu keshakunywa oili yake? Maana mimi hapa hata chai sijapewa."

"Nakuja."

"Ndivyo ulivyosema kabla mtoto hajaenda chuo. Sasa ana kazi."

Lakini theluji ilipoanza, na chumvi ikamwagwa barabarani, Sumie ndiye aliyemsaidia kulifunika, akikaza kamba kuliko yeye.

Mtu wa pili aliyeruhusiwa kulishika gari hilo alikuwa Igarashi Shigeto. Walikaa dawati moja shuleni. Shigeto alikuwa na gereji ndogo karibu na reli, na yeye ndiye aliyemfundisha Nagumo kusikiliza injini kwa bisibisi iliyowekwa sikioni. Mwaka mmoja, injini ilipoanza kutoa moshi wa buluu, waliishusha pamoja. Kiangazi kizima Shigeto alikula chakula cha jioni kwa Sumie, na baada ya kula wanaume hao wawili walirudi bandani. Nagumo alizing'arisha njia za hewa ndani ya kichwa cha injini kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyong'arisha bilauri. Shigeto alipima, akapima tena, akafunga. Mwisho wa Novemba, kabla theluji haijafunga barabara, palikuwa na siku ya wapenzi wa magari katika uwanja mdogo wa mbio ulio upande wa bahari. Nagumo alikuwa ameshajiandikisha.

Kabla ya siku hiyo ilibidi injini izoezwe. Injini iliyofunguliwa na kufungwa upya ni kitoto kichanga. Pistoni mpya na kuta za silinda bado hazijuani. Lazima zisuguane taratibu, zitoane ukali mpaka zikubaliane. Kwa kilometa elfu moja za kwanza, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika usivuke elfu tatu. Na injini ile ilikuwa na nguvu ya kufika elfu nane. Una farasi wa vita, na unamtembeza kwa kamba kama mbuzi.

Nagumo alimtembeza. Kabla ya kazi alishuka barabara ya pwani mpaka Teradomari na kurudi, mguu ukigusa mafuta kama mtu anayekanyaga mkeka wa wageni.

"Leo nimepitwa na lori la samaki," alimwambia Shigeto.

"Hilo si kitu."

"Halafu nikapitwa na bibi mmoja, kigari chake kimejaa figili mpaka dirishani."

"Alikupungia mkono?"

"Alinihurumia. Alidhani nimeharibikiwa."

Shigeto alicheka mpaka akashika meza. "Katsu, mwambie Sumie akununulie baiskeli. Utafika mapema."

Kilometa zilikuwa zimevuka nusu pale kiwanda kilipopata oda kubwa ya bilauri za hoteli, na bosi akasema hakuna ruhusa, si asubuhi, si Jumapili. Nagumo alihesabu siku, akaona theluji itamkuta. Shigeto akasema, "Niachie mimi. Nitakuzungushia zilizobaki."

"Una kazi zako."

"Kazi gani? Kuziba pancha? Lete ufunguo, bwana."

Nagumo aliutoa ufunguo mfukoni, lakini hakuuachia mara moja. "Elfu tatu, Shige."

"Katsu, mimi ndiye niliyekufundisha hiyo elfu tatu."

"Ndiyo maana nakukumbusha wewe na si mwingine."

Wakacheka wote wawili. Tangu alinunue, hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuliendesha. Sumie mwenyewe hakuwahi.

Gari lilirudi baada ya wiki moja na siku kadhaa, limeoshwa, tangi limejaa. Kilometa zilikuwa zimetimia, na ziada kidogo. Juu ya kiti palikuwa na boksi la samaki wakavu wa Teradomari, zawadi ya kutoka njiani, kama desturi inavyotaka. Sumie aliwachoma samaki wawili usiku uleule. Nagumo alikula akisema hakuna rafiki kama Shige duniani.

Jumamosi mchana, oda ikiwa imekwisha, alilipandisha gari kwenye jeki ili amwage oili. Hii ni siku ya heshima kwa watu wa namna yake. Oili ya kwanza ya injini mpya hutoka ya kijivu, imebeba chembe zinazometa kama magamba ya dagaa: ndio ukali ambao pistoni na silinda zimetoana. Ukiiona, unajua kazi imefanyika. Nagumo alikuwa ameingoja kama mtu anavyongoja jino la kwanza la mtoto. Alitandika magazeti, akaweka karai jeupe, akafungua bolti.

Oili ikatoka rangi ya asali.

Alikaa chini ya gari akiitazama inavyotiririka mpaka ikawa matone. Akachovya kidole, akakisugua kwa kingine. Laini tupu. Akaokota bolti. Kijipete cha shaba kinachozuia kuvuja kilikuwa kipya, si kile walichokifunga kiangazi, bila alama ya kubanwa zaidi ya mara moja. Na mtu ambaye maisha yake yote ameangalia vyuma haambiwi kipi ni kipya. Halafu, kwa kuwa alikuwa tayari kule chini na hakutaka kutoka, akapitisha mkono ndani ya bawa la gurudumu la nyuma, mahali ambapo mwoshaji hafiki. Vidole vikakutana na vinundu. Akavibandua. Vilikuwa vipande vya mpira vilivyoyeyuka vikaganda, na vijiwe vimo ndani yake. Barabara ya Teradomari haitoi vitu hivyo. Hivyo huokotwa uwanjani tu, magari yanapokata kona mpaka magurudumu yanachemka.

Akaelewa. Shigeto alikuwa fundi kabla hajawa mwongo. Baada ya kuichapa injini changa, mikono yake ilikataa kuiacha ilale na oili iliyoungua. Akaimwaga, akaweka mpya, tena ya bei kubwa. Fundi mbaya angeiacha chafu, na Nagumo asingejua mpaka leo.

Mimi watu huniambia: hicho ni chuma tu, unalia nini? Waache waseme. Aliyempa mwenzake kitu cha kulea, akarudishiwa kimepigwa na kupakwa mafuta usoni, hawezi kuambiwa ni chuma tu.

"Akisema tu, nitamsamehe," Nagumo alimwambia Sumie akinawa mikono. "Injini tutaifungua tena. Akisema mwenyewe kwa kinywa chake."

"Na asiposema?"

Nagumo aliendelea kunawa, ingawa mikono ilikuwa imeshatakata.

Jioni ile alikwenda gereji. Shigeto alikuwa amelala chini ya gari la mteja, miguu tu iko nje.

"Katsu? Umemwaga oili?"

"Nimemwaga."

"Ilikuwaje?"

Huo ulikuwa mlango, na Shigeto mwenyewe ndiye aliyeufungua. Nagumo akasimama kizingitini. "Safi," alisema. "Safi mno."

Miguu haikusogea. Kisha Shigeto akajivuta nje, akaketi, akajifuta na kitambaa. "Unaona? Hiyo ni kazi ya vipimo. Nilikwambia injini hii haitamwaga vumbi."

"Kila injini humwaga, Shige."

"Nyingine. Si ya kwetu."

"Ulipita wapi?"

"Pwani. Nikashuka mpaka Kashiwazaki siku moja. Hata samaki si umekula?"

"Mshale ulifika wapi?"

"Elfu tatu. Wewe vipi leo? Umekuwa polisi?"

Nagumo alitia mkono mfukoni, mahali alipoviweka vile vinundu vya mpira. Angeweza kuvitupa mezani, na mambo yangeisha. Hakuvitoa. Hakutaka ukweli wa kukamuliwa; alitaka wa kupewa. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Hakuna jambo unalotaka kuniambia?"

Shigeto akamtazama usoni, ana kwa ana, kwa macho yaleyale ya dawati moja. "Lipo. Mwambie Sumie wale samaki wachomwe kwa moto mdogo, wasikauke."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba anayeitembea mpaka mwisho ni yule anayedanganywa. Nagumo aliaga, akarudi nyumbani kwa miguu kando ya reli, akipiga hatua kama mtu aliyeazimwa viatu. Usiku Sumie alimtengea chakula. Samaki waliobaki hakuwagusa, na Sumie akawafunga kwenye gazeti, akawatoa nje.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili, siku ambayo watu wa magari hukutana kwenye kituo cha mapumziko katikati ya mashamba ya mpunga. Hufika mapema, hufungua maboneti, hunywa kahawa ya makopo wakizungumza kwa sauti ndogo ili wakazi wasichukie, na jua likipanda kila mtu hurudi kwa mkewe. Nagumo alikwenda kwa sababu Shigeto hakosi. Alijiambia huenda usiku umemfundisha. Mtu hulala na uongo wake, ukamchoma ubavu, akaamka ameamua kusema.

Aliegesha mwisho wa safu. Mvua nyembamba ilikuwa imekatika. Kule mbele alikiona kigari cha gereji, na Shigeto kando yake, kopo la kahawa mkononi, anacheka na watu wawili. Nagumo hajapiga hatua, akajiwa na bwana mmoja mwenye koti safi na miwani, ambaye alilizunguka gari jeupe, akalitazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, kisha akainama kwa heshima.

"Samahani. Naitwa Hirasawa, daktari wa meno, natoka Nagaoka. Sikujua kama lingekuja leo."

"Lipi?"

"Gari. Hili ndilo gari la maonyesho la gereji ya Igarashi, sivyo?"

Nagumo alimtazama. "Umeambiwa na nani?"

"Igarashi-san mwenyewe. Wiki iliyopita alinipeleka uwanjani ili nione anavyojenga injini. Mizunguko mitatu ya uwanja aliendesha yeye, kisha akanipa mimi." Daktari alishusha sauti, kama mtu anayetaja jambo la heshima. "Nililifikisha elfu nane. Halikukohoa hata mara moja. Kaniambia hata njia za hewa kazing'arisha mwenyewe, kwa mkono. Langu nimeshampa alijenge hivihivi." Akainama tena. "Na wewe bila shaka ni fundi wake. Pole kwa kukusumbua. Unalitunza vizuri mno."

Nagumo aligeuza uso, akatazama kule mbele.

Shigeto alikuwa ameshawaona. Kicheko kilikuwa bado kimebaki mdomoni, kimesahauliwa pale kama koti kwenye msumari. Alimwona daktari anapigapiga boneti jeupe taratibu kwa kiganja; akamwona Nagumo. Kwa kitambo kidogo ilionekana atakuja. Alipiga hatua moja. Kisha akaweka kopo la kahawa juu ya paa la kigari chake ili apate mkono wa kutafuta funguo, akafungua mlango, akaingia, akawasha.

Wale wawili aliokuwa akizungumza nao walirudi nyuma kumpisha. Mmoja alinyoosha kidole kuonyesha paa, akaita, lakini dirisha lilikuwa limefungwa. Kigari kilipita mbele ya safu nzima ya magari bila Shigeto kugeuza shingo, kopo limesimama wima juu ya paa. Kilipokata kona kuingia barabara kuu, kopo liliruka, likapasuka kwenye lami, kahawa ikatapakaa. Taa za breki hazikuwaka.