Ármin Kahán Nje ya Ukuta wa Makaburi

Jina la Ármin Kahán nililiandika mimi mwenyewe katika ratiba ya tamasha, na mahali pa kuimbia pia nilipaandika mimi: ukumbi wa makaburi ya zamani, Jumapili, saa tisa alasiri. Nina shahada mbili za historia. Nimelelewa hapa Budapest, katika mtaa wa saba, na babu yangu alisali sinagogi moja na babake Ármin. Na bado sikukumbuka kwamba Kahán maana yake ni kuhani, na kwamba mtu wa ukoo wa makuhani haingii makaburini. Kamati nzima, Wayahudi tisa wenye miwani na maoni, haikukumbuka.

Ármin alikuwa fundi wa miavuli, mwenye miaka sabini na minane, na ndiye pekee aliyebaki akijua kuimba sala ya marehemu kwa mahadhi ya sinagogi letu lililobomolewa. Babake alimfundisha wiki chache kabla ya kuchukuliwa, wakati wa vita, kwenda kazi za shokoa, asirudi, asipate kaburi. Sala hiyo hutaja jina la marehemu. Ármin alikuwa hajawahi kulitaja la babake mbele ya watu kwa mahadhi yale. Alikuwa akiingoja Jumapili hiyo.

Saa nane na nusu nilimkuta langoni, haingii.

“Ilka binti yangu, mbona hukuniambia ni huku?”

“Imeandikwa kwenye ratiba, mjomba.”

“Ratiba! Mimi nasoma miavuli.”

Vilmos Radnai, mkurugenzi wa tamasha, akaja mbio. “Mzee wangu, watu mia tatu wameshakaa! Huu ni ukumbi tu.”

“Wa kuoshea maiti.”

“Leo hakuna maiti, nimeuliza.”

“Na njia ya kufika huko? Kushoto kaburi, kulia kaburi. Mwanangu, nikifa mtanipitisha hapo bure. Haraka ya nini?”

Watu wa langoni wakacheka. Vilmos hakucheka.

“Wewe nimekuona unafungua duka siku ya Sabato. Leo ndiyo umekuwa mcha Mungu?”

Uso wa mzee ukaiva. “Umeniona, ndiyo. Duka ni langu na dhambi ni yangu. Hili ni la baba. Alikuwa kuhani. Nimwombee kwa kumvunjia heshima?”

“Basi una dakika kumi. Uingie, au mwimbaji wa opera aimbe. Rekodi yako tunayo, ameshaisikiliza.”

Rekodi hiyo niliichukua mimi, dukani kwake, nikimwahidi kwamba ni ya kumbukumbu tu.

“Jina la babake halimo,” nilisema. “Alikataa kulitaja dukani.”

“Nani atajua?” Vilmos akajibu, akaondoka.

Ármin naye akaondoka, akiufuata ukuta kwa nje. Nilidhani anarudi nyumbani. Nilipomfikia alikuwa amesimama penye makaburi ya makuhani, ambayo kwetu hupangwa kandokando ya ukuta ili jamaa wayazuru wakiwa barabarani. Desturi hiyo niliitolea kurasa mbili katika tasnifu yangu! Babu yake, Jakab, yuko hapo, upande wa pili wa matofali, na hatua chache nyuma yake ndipo ulipo ukumbi.

“Kafungue madirisha ya ukumbi,” aliniambia.

Nilikimbia. Mwimbaji wa opera alikuwa ameshasimama jukwaani. Nilifungua dirisha la kwanza, la pili. Vilmos akanishika mkono.

“Unafanya nini, wewe mwanamke?”

“Ninasahihisha ratiba.”

Nikajinasua, nikafungua la tatu. Sauti ikaingia, kavu, ikakatika mara moja, ikaendelea. Mwimbaji wa opera, na ninamshukuru mpaka leo, alifumba mdomo. Kisha likasikika jina: Salamon, mwana wa Jakab. Ukumbi ukaitikia amina.

“Safi sana,” Vilmos akaninong’oneza. “Tutasema tulipanga hivi.” Na kweli magazeti yaliusifu ubunifu wake.

Nilimkuta Ármin palepale, kiganja chake ukutani.

“Wamesikia?”

“Wote, mjomba. Hata wa safu ya nyuma.”

“Siwaulizii wa ukumbini,” akasema.