Mtandao Uliopimwa Ramadhani

Usiku ule swali moja lilininyima usingizi: hii niliyoiita hali ya kawaida, ni kawaida kweli?

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nimepata kazi ya kuangalia mtandao wa ofisi moja Mji Mkongwe. Kompyuta zilienea ghorofa zote za nyumba ya zamani, kebo zikitoboa kuta nene za mawe na chokaa. Kila siku nilifungua programu inayonasa pakiti za data zinazopita kwenye waya, nikaona kompyuta ipi inazungumza na ipi, na kwa wingi gani. Mkuu wangu aliniagiza kwanza nipime hali ya kawaida, ili mtandao ukija kuugua tuwe na cha kulinganishia. Nikapima kwa uangalifu wote nilionao, nao si mdogo, nikamchorea grafu.

Baada ya Idi, grafu za asubuhi zikapanda juu mno kuliko ile ya kwanza. Sehemu kubwa ilitoka chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya chini, kwa mama wa makamo aliyetunza majalada ya ofisi nzima. Nilitafuta virusi, sikuona. Nilitafuta nyimbo na filamu zinazoshushwa, sikuona; yaliyopita ni majalada tu. Nikaripoti nilichokiona. Mkuu akazilinganisha grafu, akaamua chumba kile kikatwe kwenye seva, kompyuta kuu iliyokaa ghorofa ya juu, kuanzia kesho yake.

"Akiwa na kitu cha kupeleka, akitie kwenye disketi apande nacho," alisema.

Habari zilimfikia yule mama kabla sijashuka ngazi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, daktari wa waya. Nshasikia. Eti mimi nnaula mtandao peke yangu."

"Si mimi niliyeamua, Bi."

"Najua, wewe umepima homa tu. Haya, na goti langu hili, ngazi zile atanipandisha nani? Wewe na kipimajoto chako?"

Akacheka, nami nikacheka, kisha nikarudi nyumbani Kiembe Samaki.

Kitandani nikazipanga grafu kichwani, moja baada ya moja. Zile mpya zote zilikuwa na bonde saa nne asubuhi. Nililijua bonde lile: saa hiyo ofisi nzima huwa imetoka kunywa chai. Grafu ya kwanza haikuwa nalo. Ilipita saa nne imenyooka, kana kwamba hakuna aliyenyanyuka kitini. Ofisi gani ya Unguja isiyokunywa chai saa nne?

Ofisi iliyofunga. Nilikuwa nimepima mwezi wa Ramadhani, watu wakichelewa kuingia na kuwahi kutoka, na kila kazi nzito ikiambiwa "baada ya Idi, inshallah." Sasa Idi imepita, na yule mama alikuwa akizimaliza kazi zilizomngoja.

Kulijua hilo hakukuniletea usingizi. Labda mkuu atauliza chuoni nilisomea nini. Labda tatizo lipo kweli, na chai ni kisingizio changu. Labda ningenyamaza wiki moja tu, nione. Lakini kila nilipofikiria kunyamaza, nililiona lile goti kwenye ngazi. Alfajiri nikakata shauri.

Nilimkuta mkuu akifungua mlango wake.

"Naomba chumba cha kumbukumbu kisikatwe," nikasema, hata kabla ya salamu. "Kipimo changu hakifai kulinganishia. Nilipima Ramadhani."

Alisimama na ufunguo mkononi. "Kwa hivyo na mashine yako ilikuwa imefunga?"

"Naam."

"Na kazi ile ya kumbukumbu?"

"Ni kazi ya ofisi, nimeiangalia. Naomba nipime upya siku hizi za kawaida. Ramadhani ikija, nitaipimia grafu yake peke yake."

"Kapime," akasema, akaingia ndani.

Nikashuka chumba cha swichi, zinapokutana kebo zote, nikawasha kompyuta, nikaanza kunasa pakiti upya kabla watu hawajaingia.