Filimbi na Jicho la Bibi

Baba yangu mdogo ni fundi wa fremu za picha, lakini ukimwuliza kazi yake atakwambia ni msimamizi. Usije ukadhani anasimamia ujenzi au shamba. Anasimamia jukwaa la mashabiki wa timu yake kwenye mtandao, mahali ambapo watu wazima elfu kumi na tatu wanabishana mpaka leo kama penalti ya miaka minane iliyopita ilikuwa halali. Ni kazi ya kujitolea. Hakuna aliyemwita. Aliiomba mwenyewe kwa barua ndefu, akajibiwa siku hiyohiyo, na kwa jinsi alivyojibiwa upesi nadhani wenye jukwaa walikuwa wakimtafuta mtu wa kufagia.

Humo ndani anajiita Filimbi ya Mwisho. Nyumbani tumefupisha, tunamwita Filimbi. Yeye anaona ni heshima.

Karakana yake ni chumba kirefu chembamba, mbao zimelazwa juu kwenye vyuma, vioo vimeegemezwa ukutani kwa ukubwa, na gundi inanuka mpaka kwa jirani anayeuza vitasa. Katikati ya meza, pale ambapo fundi mwingine angeweka kifaa cha kupimia kona, yeye ameweka kibao cha kusimamishia simu. Alikitengeneza mwenyewe kwa mbao bora, akakipaka rangi ya dhahabu pembeni. Ndicho kitu pekee mle ndani chenye kona zilizonyooka. Vingine vyote anavikata jicho moja likiwa kwenye kioo, jingine kwenye jukwaa.

Siku moja mama mmoja alikuja kuchukua picha ya mahafali ya mwanawe.

"Fundi, mbona mwanangu anaangukia upande?"

"Haanguki, mama. Huo ni unyenyekevu."

Yule mama akaondoka na unyenyekevu wake kwapani. Hakurudi tena.

Kule jukwaani lakini, hapindishi kitu. Ana sheria. Siku ya mechi, marufuku kumsema kocha. Timu ikifungwa, jukwaa linafungwa saa nzima ili watu wapoe. Na anayeandika jambo lisilohusu mpira, kosa la kwanza ni kadi ya njano, la pili nyekundu, na nyekundu yake ni kifungo cha maisha. Kuna mtu aliandika kwamba amefiwa na mkewe, anaomba wenzake wamkumbuke. Baba mdogo akafuta. "Msiba una majukwaa yake," alisema, akaendelea kunywa chai. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba sheria hiyo itafika mpaka kwenye jicho la Bibi.

Bibi ni mama yake, na anaishi nasi. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia liliingiwa na mtoto wa jicho, likawa jeupe kidogokidogo, mpaka akawa anatutambua kwa nyayo. Daktari wa macho huja kliniki yetu siku moja tu katika miezi minne, anapasua watu kumi na wanne, anaondoka. Mara mbili Bibi alikosa nafasi. Mara hii alipata, namba saba. Ila kliniki ina utaratibu wake: ndugu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi lazima afike mwenyewe atie sahihi kabla ya saa sita mchana. Asipofika, nafasi anapewa mtu wa benchi la akiba.

Jina lililo kwenye kadi ya Bibi ni la Filimbi. Baba yangu, ambaye ni dereva wa malori, alitaka aandikwe yeye au Mama. Baba mdogo akaidaka kalamu.

"Kaka, wewe ni mtu wa safari. Shemeji ana watoto. Haya mambo ya kusimamia niachieni mimi, nina uzoefu."

Debe tupu likishaanza kuvuma, nani atalishinda kelele? Akaandikwa.

Siku ya upasuaji ikaangukia siku ambayo timu yake ilicheza na mahasimu wao wakubwa. Asubuhi, Baba akiwa njiani na lori lake, Bibi alimshika Filimbi mkono mezani.

"Mwanangu, leo usinisahau."

"Mama! Mimi nisahau? Mimi ninayekumbuka nani alimtukana nani mwaka juzi?"

"Hilo ndilo linanitisha. Kichwa kimejaa."

"Saa tatu kamili niko hapo. Nafungua karakana, naweka jukwaa sawa, naja."

Nikampeleka Bibi peke yangu. Muuguzi alimtia matone ya kufungua jicho, akatuambia tusibanduke, kwa sababu mgonjwa mwenye matone haachwi peke yake na anayeitwa akakosekana amejifuta. Bibi akanishika kifundo cha mkono kama anayeshika bomba. Saa tatu ikafika. Saa nne. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Nilijua tatizo: siku za mechi hunyamazisha simu za watu wote, anaacha mlio wa ripoti za jukwaani tu. Anasema watu humkatiza.

"Ndugu wa namba saba yuko wapi?" aliuliza muuguzi.

"Anakuja."

"Wote huwa wanakuja," alisema, akapita.

Kwenye benchi la akiba alikaa mama mmoja mwenye mkoba wa plastiki magotini. Kila muuguzi alipotaja namba saba, alinyoosha shingo, kisha akaona haya akatazama sakafu. Sikumchukia. Naye alikuja na jicho lake.

Saa tano ilipopita nikakumbuka kwamba na mimi ni mwanachama. Baba mdogo alituandikisha nyumba nzima mwaka jana, hata Bibi asiyeona, ili tumpigie kura ya Msimamizi Bora wa Msimu. Akashika nafasi ya tisa kati ya tisa. Mimi ni Mwanachama 4417 na sikuwahi kuandika neno. Siku hiyo niliandika: "Filimbi ya Mwisho, Bibi yuko kliniki ya macho, chumba namba nne. Njoo utie sahihi kabla ya saa sita."

Hata sijashusha simu, ujumbe ulikuwa umeondoka. Mahali pake palikuwa na maneno: "Umefutwa. Nje ya mada. Kadi ya njano."

Nikaandika tena: "Baba mdogo, ni mimi."

"Hapa hakuna undugu. Kadi nyekundu. Umefungiwa maisha."

Nilicheka bila sauti. Sikuwa na furaha, ila kuna upumbavu ambao ukikutana nao ana kwa ana, uso unacheka wenyewe.

"Na wewe umekula nyekundu?"

Aliyeuliza alikuwa karani wa mafaili, mwanamume mnene aliyekaa nyuma ya dirisha dogo, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kibao. Alikuwa ameona rangi ya jukwaa kwenye simu yangu.

"Ya maisha," nikasema.

"Karibu chamani. Mimi nimefungiwa mara sita. Goti Bovu, Goti Bovu wa Pili, mpaka wa Sita. Sasa hivi ni wa Saba, bado hajaninusa."

"Ulikosa nini?"

"Nilisema kipa wetu amepakwa sabuni mikononi."

"Ni uongo?"

"Binti, mabao matano! Matano, na moja lilipigwa na beki wetu mwenyewe akitoa pasi!"

"Huyo Filimbi ni baba yangu mdogo," nikamwambia. "Na huyu ni mama yake. Filimbi ndiye anayesubiriwa kutia sahihi."

Karani akamtazama Bibi, akatazama faili namba saba, akatazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini. Akashusha mguu.

"Mama, Filimbi ya Mwisho ni mwanao?"

"Ni wangu, baba," alisema Bibi. "Nilimzaa mwenyewe, sina wa kumsingizia."

"Simu hapokei?"

"Hapokei," nikasema. "Na nikimwandikia anafuta."

"Umemwandikia ombi, ndiyo maana. Yule hasomi maombi. Yule anasoma matusi. Hebu ngoja." Akatoa simu yake kwenye droo, akaandika kwa vidole gumba viwili huku akitusomea kwa sauti ya chini: "Filimbi ya Mwisho ni shabiki wa wapinzani. Kadi yake ya uanachama wao ninayo mkononi. Niko kliniki ya macho, chumba namba nne. Saa sita kamili naibandika hapa wote muione."

"Mnamsingizia mwanangu," alisema Bibi.

"Kidogo tu, mama."

"Haya. Atakuja?"

"Mama, huyo atakuja bila viatu."

Alikuja na viatu, ila kamba hazikufungwa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tisa. Mkono mmoja ulikuwa bado na glavu ya kushikia vioo, shavu lina rangi ya dhahabu, simu ameinua mbele kama mtu anayemulika mwizi.

"Yuko wapi huyo mwongo? Ajitokeze!"

Wagonjwa wote wenye matone waligeuka kumtazama, na hakuna hata mmoja aliyemwona.

Karani akasukuma karatasi na kalamu kwenye tundu la dirisha. "Ushahidi huu hapa. Tia sahihi chini."

Baba mdogo akaishika karatasi kwa nguvu, akaanza kusoma akitafuta jina la timu. Akakuta jina la mama yake. Akasoma tena toka juu.

"Hii si..."

"Ni ya Bibi, baba mdogo," nikasema. "Nafasi yake inaondoka saa sita."

"Umefika, mwanangu?" alisema Bibi kutoka benchini. "Nimesikia kelele nikajua ni wewe."

Mimi nilitegemea aone aibu. Nilimwangalia kwa makini nisije nikaikosa. Alivua glavu, akatia sahihi yake kubwa ile yenye mkia, akasema, "Nilidhani ni mbinu. Siku za mechi wapinzani hutumia sana habari za wagonjwa kunitoa kazini." Hiyo ndiyo aibu yote iliyopatikana. Kisha akainama kwenye dirisha.

"Kwa hiyo wewe ndiye Goti Bovu?"

"Wa Saba."

Akabonyeza simu palepale, pua zao karibu kugusana. "Wa Saba, kwaheri."

"Wa Nane yuko njiani," alisema karani, akapiga muhuri faili la Bibi.

Muuguzi akaita namba saba. Nikamwinua Bibi. Baba mdogo hakuona mama yake akiingizwa, kwa sababu alikuwa amegeukia ukuta akiwaandikia watu elfu kumi na tatu kwamba tuhuma zote ni uzushi. Yule mama wa benchi la akiba alishusha shingo. Baadaye nilifurahi kusikia ameitwa badala ya namba kumi na moja, ambaye ndugu yake kweli hakuja.

Timu ilifungwa mbili bila. Filimbi alifunga jukwaa saa nzima watu wapoe, akakaa sebuleni akilitazama likiwa tupu. Nikamwomba anifungulie, kwa kuwa nilichoandika kilikuwa kweli. Akasema sheria ni sheria, akilegeza kwa ndugu itakuwa fujo. Mpaka leo nimefungiwa. Nimezoea.

Kesho yake tulimrudisha Bibi kliniki, wakamtoa bandeji, wakampa dawa na miwani nyeusi. Tulipofika nyumbani akavua miwani, akaanza kukagua. Alitazama kikombe chake, akaniambia kina ufa. Alitazama pazia. Alinishika kidevu, akasema, "Kumbe umekuwa mtu mzima hivi." Kisha akasimama mbele ya picha ya marehemu Babu, ambayo Filimbi aliitia fremu miaka miwili iliyopita na kumletea kama zawadi, wakati Bibi alikuwa haoni tena. Tulikuwa tumemwambia imependeza.

"Nani kampinda mume wangu?"

Baba mdogo alikuwa kwenye kiti, kichwa kwenye simu. "Hajapinda, mama. Ukuta ndio una shida."

"Ukuta huu niliukandika mimi na baba yako."

"Basi ni macho. Daktari amesema yatazoea."

"Njoo hapa."

"Mama, kuna ripoti mbili za haraka..."

"Weka hiyo simu."

Aliiweka. Bibi akamwambia ateremshe picha, alete vifaa vyake, akae sakafuni. Fremu ikafunguliwa kona zote nne. Bibi alivuta kiti karibu, akainamisha jicho lake moja jipya mpaka karibu na mbao, akasema, "Tena." Filimbi akapima, akagongomea. "Tena." Simu ilikuwa inatetemeka mezani, inasogea yenyewe kuelekea ukingoni, na yeye anaitazama kwa pembe ya jicho kama mtoto anayesikia wenzake wakicheza nje. Mara ya nne kona zikafungana. Sikuwahi kumwona akifanya kazi safi namna ile, na roho iliniuma kidogo kugundua kwamba anaweza.

Picha ikarudi ukutani. Babu alikuwa amesimama wima, anatutazama sote sawasawa.

"Na zile za wateja?" aliuliza Bibi.

Mtu aliyefungia watu mia nne maisha aliinama sakafuni. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaokota misumari mmoja mmoja.

Bibi akavaa miwani yake nyeusi. "Kesho niamshe mapema," aliniambia. "Tunakwenda karakana."