Anayemjibia Mfu

Kiyomatsu hakuwa msemaji, ila katika mashua ya nahodha Genpachi kulikuwa na neno moja lililokuwa lake peke yake. Wavuvi wa kijiji kile wakimkuta mtu aliyekufa maji hawampiti. Huyo kwao ni Ebisu, mungu wa samaki, amewajia. Lakini hapandishwi hivi hivi: mmoja humuuliza kama atawapa samaki, na mwingine humjibia. Asiyejibiwa huachwa majini. Tangu ujana wake Kiyomatsu ndiye aliyejibu, tena bila kufikiri, kama mtu anayeitikia hodi. Wakishazika, walipanda hekaluni kunywa sake, pombe ya mchele, na kungoja samaki. Mkuki kwa nguruwe.

Kisha bahari ikamchukua Shingo, mwanawe wa pekee. Kijana hakuutaka uvuvi hata chembe. Alitaka kwenda Osaka kujifunza useremala, na baba ndiye aliyemng'ang'aniza, akisema kazi ya babu haitupwi. Fusa, mama yake, hakulia mbele ya watu. Kila alfajiri alimwomba mumewe kitu kimoja tu: amletee mtoto amzike.

Wakamkuta asubuhi moja kando ya mwamba. Kiyomatsu aliitambua fulana aliyoifuma Fusa. Genpachi akavua kofia.

"Utatupa samaki?"

Kiyomatsu akaomba ajibu mwingine.

"Nani amjibie mtoto wako na wewe upo?" Genpachi alisema taratibu. "Jibu, kaka. Mama yake anangoja."

"Nitawapa," akasema Kiyomatsu.

Wakampandisha, na Fusa akamzika.

Na samaki wakaja, laana zao, wakaja mpaka nyavu zikachanika. Mashua ikarudi na bendera ya neema, na wavuvi wakapanda ngazi za hekalu wakimshukuru Shingo kwa jina. Kiyomatsu alibaki chini, nje ya lango, maana mwenye msiba haliingii hekalu mwaka mzima. Aliwasikia wakicheka huko juu, akaketi chini.

Genpachi akashuka na kikombe cha sake, akachutama karibu naye.

"Ulizaa mtu, kaka. Ameahidi, ametimiza."

"Hakuahidi kitu," Kiyomatsu alisema. "Alipokuwa hai nilimsemea mimi. Alipokufa, nikamsemea tena."