Asubuhi Bilha Alipoacha Kukaanga Chumvi

Ukitaka kumuudhi Bilha, mwite mtumishi wa Mungu. Atakuambia mtumishi wa Mungu yuko kanisani, yeye ni mtumishi wa Yuvraj. Na ni kweli. Mwaka wa kumi na tatu huu anakaa kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa stoo ya mahindi ya Yuvraj mjini Kitale, na chupa ya soda, kopo la chumvi na sauti isiyojua kunong'ona. Kazi yake ni kusema kama mahindi yamekauka. Hutia punje chache ndani ya chupa, huongeza chumvi, hutikisa, kisha huiweka chini itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, rudi nayo nyumbani. Isipoganda, pitisha magunia kwenye mizani.

Mashine ya kupima unyevu ipo, Yuvraj aliinunua, lakini wakulima hawaitaki. Mashine huongea na mwenye stoo peke yake, wanasema, chupa kila mtu anaiona. Na kuliko chupa wanamwamini Bilha, kwa kuwa hajawahi kula kuku wa mtu. Kuna mzee mmoja aliyewahi kumsukumia kuku chini ya kiti. Alisikia kuku wake akitangazwa mbele ya foleni nzima, rangi yake na jina la mwenye kuku, na tangu hapo hakuna aliyejaribu tena. Ulokole wa Bilha una meno.

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, hukaanga chumvi. Huimwaga kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa na kuigeuza mpaka ikauke kabisa, maana chumvi hunywa unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya kopo. Ni kazi ya dakika kumi. Hakuwahi kuiruka, isipokuwa Alhamisi moja ya Novemba.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekesha ikinyesha. Wapakiaji walimkuta getini wakamwambia mke wa mwenzao amelazwa, awaombee. Bilha akaomba. Sasa, tuseme ukweli, Bilha akianza kuomba hana breki. Aliombea mgonjwa, akaombea wapakiaji, akaombea barabara za Trans-Nzoia na wanaozitengeneza, na alipofumbua macho foleni ilikuwa imefika barabarani na watu wanasema amina kwa nguvu. Alijisikia vizuri sana. Akaenda moja kwa moja kitini, na chumvi ya jana.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Phanice, mjane kutoka Tongaren, na magunia tisa juu ya pikapu ya kukodi. Alisema ameyaanika siku kumi na moja. Bilha akatikisa chupa, akangoja, chumvi ikaganda. Phanice akasema haiwezekani, ameyauma kwa meno yake mwenyewe na yakalia kwa ukavu. Hapo Bilha, bado ana utamu wa maombi mdomoni, akasema kwa ile sauti yake: "Mama, hata Mungu hapendi uongo."

Foleni ikacheka. Phanice alifunga leso yake vizuri, akapanda pikapu, akaenda.

Waliomfuata wawili nao chumvi iliganda. Kisha akaja Muigai na mahindi ya msimu uliopita, yaliyokaa stoo kwake mwaka mzima, makavu kama changarawe. Chumvi ikaganda. Bilha akamwaga punje zote, akatia chumvi peke yake, akatikisa. Ikaganda vilevile.

Alimwendea Yuvraj ofisini akamweleza. Yuvraj si mtu mbaya, ila ni mtu wa biashara. Alimwambia akaange chumvi, awapime upya waliopo, na asimwambie mtu kwa nini. Wakisikia chupa imekosea leo, kesho stoo hii ni ya panya. Bilha akatii. Wale wawili aliwaambia tu kwamba anarudia kupima, mahindi yao yakapita, wakamshukuru. Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Usiku haukulalika na Ijumaa chakula hakikushuka. Alijua mahindi yakishakataliwa na Bilha hayana pa kwenda ila kwa mabroka, wale madalali wa Moi's Bridge, na mabroka hununua kwa bei ya chini kama watu wanaookota. Lakini hata zaidi ya mahindi, lilimkaa lile neno. Kumwita mtu mwongo ni jambo moja. Yeye alimsingizia na Mungu pia.

Jumamosi akaomba ruhusa, akamwambia Yuvraj wazi anakokwenda. Yuvraj akamuuliza kama anajua anabeba jina la stoo nzima mgongoni. Bilha akasema anajua. Alipanda bodaboda mpaka Tongaren, na safari hii maombi yake yalikuwa mafupi: Bwana, yasiwe yameuzwa.

Hayakuwa yameuzwa. Yalikuwa yametandazwa juu ya turubai kwa Phanice, yanaanikwa upya, makavu mpaka yanang'aa. Bilha akashusha pumzi, akasema yote pale pale uani, bila kupamba. Phanice alisikiliza hadi mwisho, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa ile aliyoitarajia Bilha.

"Ungejua ulichonifanyia," akasema. "Mimi niliamini chupa yako kuliko meno yangu."

Maana aliporudi Alhamisi alitafuta wa kulaumu. Anayekusanya mahindi jioni ni mama mkwe wake, Rosaline. Phanice alimwambia mbele ya majirani kwamba amezeeka vibaya, ameyaacha kwenye umande. Bibi tangu siku ile hakuwa amegusa chakula cha mkwe wake, na asubuhi hiyo alikuwa anafunga nguo zake kwenda kwa binti yake Kimilili.

Bilha aliingia jikoni kwa bibi bila kungoja kukaribishwa. Akasema: "Mama, mahindi yako yalikuwa makavu. Chumvi yangu ndiyo ilikuwa mbichi. Huyu mkwe wako alikulaumu kwa sababu yangu."

Rosaline akataka kujua alikuwa na shughuli gani hata ashindwe kukaanga chumvi.

"Nilikuwa naomba," Bilha akasema, na akasikia mwenyewe jinsi jibu hilo lilivyosikika.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, na Phanice mlangoni akacheka huku analia. "Mwanangu," Rosaline akasema, "siku nyingine kaanga kwanza. Mungu atakungoja." Kisha akamwomba Phanice chai, mara ya kwanza tangu Alhamisi, na Phanice akakimbilia sufuria. Lile furushi la nguo lilifunguliwa kabla maji hayajachemka.

Ilibaki Jumatatu. Phanice alirudi Kitale na magunia yake tisa, akapanga foleni kama wengine. Bilha, chumvi ameshaikaanga, alisimama juu ya kile kiti cha mbao akawaambia wote: Alhamisi alikosea, akamwita mama huyu mwongo, na mwongo alikuwa yeye, kwa sababu alijua tangu saa nne na akanyamaza. Yuvraj alikuwa ameinamisha kichwa kwenye dirisha la ofisi. Watu wakatazamana, na Bilha akaona miaka kumi na mitatu ikimwondoka.

Phanice akafika mbele. Akafungua fundo kwenye pindo la leso yake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na chumvi.

"Mama ameikaanga alfajiri," akasema. "Amesema unipimie na hii."

Bilha akaitia kwenye chupa na punje, akatikisa, akaiweka chini. Watu walisogea kuona. Chumvi ikakaa chini yote, kioo kikabaki safi. Nyuma Muigai akauliza kama wengine wanaruhusiwa kuja na chumvi ya kwao, watu wakacheka, foleni ikajipanga vizuri, na hakuna aliyeondoka.

Bilha alitaka kutangaza kwamba magunia yapite. Akafungua kinywa, na ile sauti inayosikika mpaka barabarani haikutoka. Akaonyesha mizani kwa mkono tu.